Kukata mti ili kupata kuni: jasho la nani, moto wa nani?

Kuna swali linalorudi kila mara: je, kukata mti kwa ajili ya kuni kunalipa? Mmoja anauliza kwa sababu bei ya gunia la makala imepanda. Mwingine anauliza kwa sababu ameshinda msituni juma zima na shoka, na alipouza alichopata hakikutosha kulipa ada ya shule ya mtoto mmoja. Wengine wanauliza kwa uchungu, maana wamesikia ikisemwa kwamba waliokuja na vita ndio wanaomaliza msitu wetu.

Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, turudi nyuma kidogo. Msitu wa kando ya Kindu haukuanza kurudi nyuma mwaka jana. Mji huu ulikula miti kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na kabla ya babu zetu kujua neno «mkimbizi». Ukifuata historia hiyo hatua kwa hatua, unaona jambo moja linajirudia: aliyeota moto na aliyeshika shoka hawakuwa mtu mmoja. Ndiyo maana jibu la swali letu linategemea unamwuliza nani.

Tuanze na wazee wetu. Katika Maniema ya zamani, kwa Warega, Wakusu, Wazimba na Wasongola, mti mkubwa ulikatwa kwa sababu ya shamba. Wanaume waliangusha miti wakati wa kiangazi, wakaiacha ikauke, wakachoma matawi, kisha wanawake wakapanda mihogo, ndizi, mpunga au karanga katikati ya magogo. Kuni za jikoni zilitoka humo humo. Mama alipotoka shambani na kapu la mihogo mgongoni, juu yake aliweka vipande vya mti uliokwisha kukauka wenyewe. Safari moja, mizigo miwili. Mti haukuangushwa ili tu uchomwe. Shamba likichoka, watu walihamia pengine, na pale walipotoka mti wa parasolie uliota upesi, na nyuma yake msitu ukarudi polepole.

Angalia hesabu ya wazee hao. Nguvu ya kuangusha mti ilikuwa imelipwa tayari na chakula. Moto ulikuwa nyongeza. Kuni zilikuwa zimekauka miezi mingi, kwa hiyo zilikuwa nyepesi kubeba na zilishika moto haraka. Mti uliokatwa leo ni maji kiasi cha karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia jikoni ukiwa mbichi, sehemu kubwa ya moto inafanya kazi ya kukausha kuni zenyewe kabla sufuria haijapata joto. Wamama wa Alunguli hawahitaji mwalimu wa fizikia kuwaambia hivyo. Machozi ya moshi yamewafundisha.

Mti wa kukatwa kwa ajili ya moto peke yake ulikuja na meli.

Meli za mvuke za kwanza katika mto Kongo hazikuwa na makaa ya mawe wala mafuta. Zilikula kuni. Mwaka wa 1890, baharia Mpoland ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Joseph Conrad alipanda mto kutoka Kinshasa hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, katika meli Roi des Belges. Safari ilichukua karibu mwezi mmoja. Meli za wakati ule zilisimama jua likielekea kutua, wafanyakazi wakaingia msituni na mashoka, wakakata usiku kwa mwanga wa moto, ili asubuhi chombo kiwe na cha kula. Mchana mto, usiku shoka. Mzungu aliyelala ndani ya meli alihesabu kilomita. Aliyekata hakuwa na mtu wa kumhesabia usiku wake.

Baadaye vikawekwa vituo vya kuni kandokando ya mto, na vijiji vya jirani vikapewa kazi ya kuvijaza. Hapo ndipo Bula Matari alipogusa hesabu ya jasho. Kwa sheria ya tarehe 18 Novemba 1903, serikali ya mfalme Leopold iliandika kwamba mtu alitakiwa kuifanyia kazi saa 40 kwa mwezi kama kodi. Kwenye karatasi ilikuwa saa 40. Lakini ripoti ya Roger Casement, balozi wa Uingereza, iliyotolewa mwaka 1904, ilieleza jinsi vijiji vya mtoni vilivyobanwa kwa mpira, kwa chakula na kwa kazi nyingine za serikali. Casement hakufika kwetu Maniema. Alitembea sehemu za chini. Ila mfumo ulikuwa mmoja, na mto ni ule ule. Kwa mwenye meli, kuni zilikuwa rahisi mno. Hazikuwa rahisi kwa sababu mti ni laini. Zilikuwa rahisi kwa sababu aliyekata hakulipwa inavyostahili.

Sasa tufike Kindu yenyewe. Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya CFL, ya Mbelgiji Empain, ili kuunganisha sehemu za mto zinazopitika na kuruka maporomoko kwa reli. Kipande cha kwanza, kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, kilimalizika mwaka 1906: kilomita 125. Kutoka Ubundu hadi Kindu watu na mizigo walipanda meli, zaidi ya kilomita 300 za Lualaba. Halafu Kindu ikawa mwanzo wa reli nyingine, ile inayopita Kibombo na Samba hadi Kongolo, kilomita 355, iliyomalizika mwishoni mwa mwaka 1910. Mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika Albertville, yaani Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika. Mji wetu ulizaliwa katikati ya midomo miwili: meli upande wa kaskazini, treni upande wa kusini, na yote miwili ilikuwa inakula kuni.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu swali la faida limelala hapa.

Kuni za reli zilipimwa kwa steri: rundo la mita moja kwenda juu, mita moja upana, mita moja urefu. Steri moja ya mti mgumu na mbichi inapita nusu tani. Fikiria mtu mwenye shoka mbele ya limbali. Aangushe, akate matawi, akate gogo vipande vya mita moja, apasue, abebe hadi kando ya reli, apange vizuri ili msimamizi asiseme rundo lina mashimo. Yeyote aliyewahi kushika shoka anajua kwamba kuangusha si kazi kubwa kuliko zote. Kubeba ndiko kunakovunja mgongo.

Na rundo hilo lilifanya nini likiingia ndani ya injini? Injini ya mvuke ya zamani ilikuwa mlafi asiye na shukrani. Katika moto wote uliowashwa, chini ya sehemu moja katika kumi ndiyo iliyogeuka kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu. Iliyobaki ilitoka na moshi, na mvuke, na cheche zilizotoboa nguo za abiria. Kwa maneno mengine, katika magogo 10 ambayo babu alikata na kubeba, 9 yalipasha joto hewa ya Maniema, ambayo haikuwa na baridi. Je, ilikuwa na faida? Kwa CFL, ndiyo, maana treni ilifika Kongolo na mizigo ikauzwa Ulaya. Msitu haukuwa na bei na mkono wa mtu ulikuwa na bei ndogo, basi ulafi wa injini haukumsumbua mwenye hesabu.

Mahali pengine katika Afrika Mashariki, wenye reli waliona mapema kwamba kuni zina mwisho. Kenya, karibu na mwaka 1902, mikaratusi ililetwa kutoka nje na kupandwa ili kulisha injini za reli ya Uganda. Sisemi walifanya hivyo kwa huruma. Walijua tu kwamba mti wa karibu ukiisha, jasho la kufuata wa mbali litakuwa juu yao. Nyanda za juu za Kenya zilionyesha upesi mahali palipokatwa. Huku kwetu msitu ulionekana hauna mpaka, na mtu anayedhani kitu hakina mpaka hana sababu ya kupanda.

Vita vya kwanza vya dunia vilipita hapa kwa treni na meli hizo, askari na mizigo wakielekea Tanganyika, hadi Tabora ilipochukuliwa mwezi Septemba 1916. Katika vita vya pili ikawa zamu ya bati. Wajapani walipoteka Malaya na Singapore mapema mwaka 1942, wazungu walipoteza bati ya Asia, na bati ya Kalima na machimbo mengine ya Maniema ikapata thamani mpya. Mwaka ule ule, siku za kazi za lazima vijijini ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wazee wengi wa Maniema wakisema «wakati wa vita», hawasemi habari za risasi. Wanasema habari za kazi.

Katika miaka ya 1950 dizeli ilianza kuchukua nafasi ya kuni kwenye reli. Ungefikiri msitu ungepumua. Lakini mji ulikuwa umekua, na watu wa mjini hawana shamba la kutoka na kuni juu ya kapu. Wananunua. Hapo mlafi wa pili akaingia, na huyu tunaye hadi leo, tena anakaa ndani ya nyumba zetu: mbabula.

Wapendwa wasikilizaji, makala ni kitu cha ajabu. Ukichukua kilo 100 za kuni kavu na kuzifukia kwenye tanuru la udongo kama tunavyofanya hapa, ukitoka na kilo 15 umefanya kazi nzuri. Wasio na uzoefu wanatoka na 10, au wanakuta majivu kwa sababu walilala na upepo ukaingia. Kilo moja ya makala ina joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni kavu. Basi kwa zile kilo 15 umebaki na chini ya theluthi moja ya joto ulilokuwa nalo. Hata ukikumbuka kwamba mbabula inatunza moto vizuri kuliko mafiga matatu, mti ule ule ungepika karibu mara mbili zaidi kama ungechomwa kuni moja kwa moja.

Kwa nini basi tunachoma makala? Kwa sababu ya njia. Kijana anayesukuma kinga kutoka upande wa Kalima, au anayevuka na mtumbwi wa Wagenia kutoka juu ya mto, hawezi kubeba tani. Anabeba anachoweza kusukuma kwenye matope. Akibeba makala, kinga ile ile inaleta joto mara mbili, na mama anayenunua hapati moshi ndani ya nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja. Kuni zinafaa zikiwa karibu. Msitu ukienda mbali, kuni zinashindwa na makala yanashinda. Na makala yakishinda, miti mingi zaidi inaangushwa kwa chungu kile kile cha fufu, na msitu unaenda mbali zaidi. Umbali unazaa makala, makala yanazaa umbali. Ukitaka kujua kwa nini bei inapanda, usitafute mchawi sokoni.

Halafu vita vyetu wenyewe. Mwezi Oktoba 1998 Kindu ilianguka mikononi mwa RCD. Reli ikakatika. Kufikia mwaka 2002 Mai-Mai walikuwa wameuzunguka mji, na waliokuwa hapa wanakumbuka maana yake: shamba lilikuwa ng'ambo ya hatari, na msitu pia. Mwanamke aliyetoka kutafuta majani ya muhogo au kuni alikuwa anaweka mwili wake rehani. Hesabu ya faida hapo haina faranga ndani yake. Treni kutoka kusini ilirudi mwaka 2004, lakini tabia ya kukata karibu na mji, pale ambapo mtu anaweza kukimbia na kurudi kabla ya giza, ilikuwa imeshaacha alama yake pembeni mwa Kindu.

Ndugu zetu waliotoka Kivu wanajua sura nyingine ya hadithi hii. Mwezi Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda, mamia ya maelfu, walijaa kandokando ya Goma, na kuni za kupikia zilitoka katika mbuga ya Virunga. Walikuwa na njaa na mahindi makavu ambayo hayaivi bila moto mrefu. Kila juma walikwenda mbali zaidi, hadi mashirika yakaanza kuleta kuni kwa malori. Wakimbizi walirudi makwao, wengi wao mwezi Novemba 1996, lakini Goma ilibaki na biashara ya makala yenye wakubwa wake, wengine wana silaha. Hapo pia, wanaovuna si wale wanaoshika shoka. Ndiyo maana sikubali neno linalosemwa kuhusu familia zilizokimbilia kwetu. Mama aliyefika na watoto wanne bila shamba anakata kwa sababu hana kitu kingine cha kuuza. Anayenunua ni sisi wa Kasuku na Mikelenge. Msitu unaisha kwenye mbabula zetu.

Hili halimaanishi kwamba kila anayekata amefanya vizuri. Tuhesabu bila kuficha. Mtu akiangusha mti mkubwa kwa ajili ya makala, ana siku za kukata na kupasua, siku ya kupanga, siku ya kufunika kwa majani na udongo, kisha juma moja au mawili ya kulinda tanuru usiku na mchana. Kabla hajaanza amempa kitu mwenye msitu. Njiani kuna kizuizi, na kwenye kizuizi kuna mkono. Mwenye kinga anataka chake. Anayeuza kwa vipimo vidogo sokoni anataka chake, na ni haki yake. Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inamruhusu mwanakijiji kupata kuni za nyumba yake kwa desturi, lakini kukata na kuchoma kwa ajili ya biashara kunahitaji kibali. Mdogo asiye na kibali analipa kila mahali, bila risiti. Ukigawa kinachobaki kwa idadi ya siku, mara nyingi unapata mshahara ambao hata reli ya wakoloni ingeona haya kuuandika.

Nikiulizwa, nasema hivi. Kuangusha mti mkubwa, ulio hai, mbali na njia, ili tu uwe kuni, hakulipi kwa mwenye shoka. Kuokota na kukata kilichokwisha kuanguka kunalipa, na mashamba mapya yanayofunguliwa kila kiangazi yanaacha magogo mengi yanayooza bure au kuchomwa pale pale. Mwenye shamba anataka yaondoke. Anayetafuta kuni anayataka. Hawa wawili wangeweza kupatana kabla ya mvua, mbele ya chifu, na kazi ya kuangusha ingekuwa imelipwa na mpunga kama zamani. Kwa wale wanaochoma makala, hayo magogo yakiwa yamekauka vizuri yanatoa zaidi kuliko mti mbichi, kwa sababu tanuru halipotezi moto kukausha maji.

Kupanda pia kunalipa, ingawa si kesho. Katika Kivu Kaskazini shirika la WWF lilianza mwaka 2007 mradi wa EcoMakala, wakulima wanapanda miti inayokua haraka kwenye ardhi yao ili waikate na kuichoma wenyewe. Kwetu, tatizo la kwanza ni ardhi. Familia iliyokimbia vita haiwezi kupanda mti wa kusubiri miaka mingi mahali ambapo haijui kama italala mwezi ujao. Chifu akitoa sehemu ya shamba lililochoka, pale parasolie ilipoota, na makubaliano yakaandikwa nani atakata na nani atapata nini, hata mgeni anaweza kupanda. Parasolie yenyewe ni kuni mbovu, nyepesi kama godoro, lakini inaonyesha mahali ambapo udongo uko tayari.

Na jikoni? Mbabula ya udongo iliyofunikwa vizuri inakula makala kidogo kuliko ile ya bati tupu inayopasha miguu yetu. Maharage yaliyolowekwa tangu jioni yanaiva mapema. Kuni zilizopasuliwa na kuwekwa chini ya paa mwezi mmoja au miwili hazihitaji kupulizwa hadi kifua kiume. Hayo ni madogo, lakini ndiyo peke yake yanayopunguza mzigo wa aliye mwisho wa njia, yule anayesukuma kinga sasa hivi kwenye matope ya upande wa Kalima akiwa na magunia mawili yaliyofungwa kwa kamba za mti.

Jioni akifika kivukoni Alunguli, mumwulize siku zake ngapi ziko ndani ya magunia hayo kabla ya kuanza kupunguza bei.